Vipele vya Usaha Mashavuni, Jibu Kwenye Slaidi ya Damu

Siku ya tatu tangu azaliwe, mtoto wa kike wa kilo 2.6 alikuwa na mashavu yaliyojaa vipele vya usaha. Jana yake vilikuwa madoa mekundu tu. Kufikia usiku wa siku hiyo ya tatu ugonjwa wake ulikuwa umeshapewa majina matatu, na hakuna hata moja lililokuwa sahihi. La nne, lililokuja siku iliyofuata, lilikaribia ukweli kuliko yote, na ndilo lingemdhuru zaidi.

Niseme mapema kwamba mtoto huyu si mmoja. Nimemuunganisha kutokana na sura ambazo tatizo hili hujitokeza nazo mara kwa mara kwa vichanga wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu ya 21 moja ya ziada, ili tuweze kufuata hatua moja baada ya nyingine bila kugusa siri ya familia yoyote. Namba zake ni za mfano. Makosa yaliyofanyika, kwa bahati mbaya, ni ya kawaida kabisa.

Alizaliwa kwa njia ya kawaida akiwa na wiki 37, akalia papo hapo. Mkunga aliyempokea aliona macho yaliyopanda kidogo kuelekea pembeni, ngozi iliyojikunja kwenye kona ya ndani ya jicho, pua bapa, mstari mmoja uliokatiza kiganja chote, na pengo kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata. Mwili ulikuwa mlegevu. Kwenye faili ikaandikwa "anashukiwa Down", daktari akazungumza na wazazi, na damu ikachukuliwa ili kromosomu zihesabiwe. Moyo ulikuwa na mvumo hafifu. Kuhusu tumbo yaliandikwa maneno mawili: "laini, kawaida". Tutayarudia.

Hesabu kamili ya damu haikufanywa. Sindano ilikuwa imeshaingia kwenye mshipa, na nusu mililita ya ziada ingetosha. Lakini mtoto hakuwa na homa, hakuwa amepauka, hakuwa na manjano ya kutisha, na hakuna aliyefikiri kwamba Down ni jambo linalohusu damu. Tunafundishwa kuangalia moyo, kwa sababu karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Tunafundishwa kuangalia tezi ya shingo, na utumbo kama mtoto anatapika nyongo. Damu husahaulika.

Kwa kuwa alichoka haraka kwenye titi, aliwekewa mrija mwembamba wa kulishia kupitia puani, ukashikizwa kwa plasta kwenye shavu la kulia. Sukari iliposhuka kidogo aliwekewa kanula, mrija mdogo wa mshipani, mgongoni mwa mkono wa kushoto, nayo ikafungwa kwa plasta.

Madoa mekundu ya siku ya pili yaliitwa upele wa kawaida wa vichanga. Si kosa la kushangaza. Upele huo huwapata watoto wengi sana wenye afya njema katika siku za mwanzo, unakuja na kuondoka wenyewe, na daktari anayeuogopa kila anapouona hatafanya kazi nyingine. Tofauti ilikuwa kwamba doa la upele ule wa kawaida huhama: asubuhi liko kifuani, jioni limepotea na jingine limetokea pajani. Haya hayakuhama. Yalibaki mashavuni, kidevuni na kuzunguka macho, yakavimba, yakajaa maji, kisha maji yakageuka usaha juu ya ngozi nyekundu. Machache yalipasuka na kuacha ukoko wa rangi ya asali.

Usiku, muuguzi alibandua plasta ya shavuni ili aibadilishe. Chini yake vipele vilikuwa vimepangika katika umbo la plasta yenyewe, mstatili mzuri wenye kona nne. Mkononi, pale kanula ilipokuwa imefungwa, hali ilikuwa hiyo hiyo, na kisigino kilichotobolewa kupima sukari kilikuwa na kipele mahali pa kila tundu. Akaandika: "mzio wa plasta". Mimi namheshimu sana muuguzi huyu. Jina alilotoa halikuwa sahihi, lakini alichokiona ndicho kidokezo bora kuliko vyote vilivyomo kwenye faili lile, na alikiandika kwa usahihi kiasi kwamba aliyekuja baadaye aliweza kukitumia.

Jina la tatu lilitoka kwa daktari wa zamu: maambukizi. Malengelenge na usaha kwa mtoto wa siku tatu humfanya daktari afikirie mambo mawili kwanza, bakteria wa aina ya stafilokoka na virusi vya hepesi. Alichukua sampuli za usaha kwa ajili ya kuotesha na kwa kipimo cha vinasaba vya virusi, akaanzisha antibayotiki mbili za mshipa pamoja na asikloviri, dawa ya hepesi, miligramu 20 kwa kilo kila baada ya saa 8. Wapo watakaosoma kisa hiki na kusema aliharakisha. Sikubaliani nao. Hepesi ya kichanga ikiachwa huweza kufika kwenye ini na ubongo ndani ya siku chache, na hakuna slaidi wala nadharia inayostahili kusubiriwa wakati dawa ipo. Kosa halikuwa kuanza dawa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba dawa ikishaanza, swali limejibiwa.

Na dawa hiyo ilikuja na gharama ambayo haiandikwi kwenye chati. Mtoto alitengwa. Mama akaulizwa, mbele ya watu, kama amewahi kuwa na vidonda sehemu za siri, kama mumewe ana vidonda, kama alimbusu mtoto akiwa na kidonda mdomoni. Aliambiwa asimbusu tena. Huyu ni mama ambaye siku mbili kabla alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe huenda ana Down. Sasa alikuwa anaambiwa, bila kutamkwa, kwamba yeye ndiye aliyemwambukiza. Maswali yale ni ya lazima, lakini yanaulizwa faraghani, na yanaanza na sentensi moja: tunawauliza akina mama wote wenye watoto wa namna hii.

Hesabu ya damu hatimaye ilifanyika siku ya nne, ikiwa sehemu ya vipimo vya maambukizi. Mashine ilitoa chembe nyeupe 72,000 kwa mikrolita, wakati kichanga wa kawaida huwa kati ya 9,000 na 30,000 hivi. Hemoglobini ilikuwa 17.8. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 94,000, chini ya kiwango cha 150,000. Mashine iligawa chembe nyeupe hivi: limfosaiti asilimia 58, monosaiti asilimia 17, zilizobaki nyutrofili na nyinginezo. Pembeni kulikuwa na alama ndogo ya tahadhari ambayo huchapishwa mara nyingi kiasi kwamba macho yameshazoea kuiruka.

Daktari alisoma karatasi ile akaona kilichokuwa kichwani mwake tayari. Chembe nyeupe nyingi, chembe sahani chache: maambukizi makali. Akaongeza antibiotiki ya tatu.

Hapa inafaa kueleza mashine ile inafanya nini. Inapitisha seli moja moja mbele ya mwanga au kati ya ncha mbili za umeme, inapima ukubwa wake na muundo wa ndani yake, kisha inaiweka kwenye kapu linalofanana nayo zaidi. Haina kapu la seli changa zisizopaswa kuwa kwenye damu. Seli kubwa yenye kiini cha duara na isiyo na chembechembe ndani itaingia kwenye kapu la limfosaiti, au la monosaiti ikiwa kubwa zaidi. Mashine haikudanganya. Ilijibu kwa maneno iliyokuwa nayo, na alama ya tahadhari ilikuwa njia yake ya kusema: mtu aje aangalie.

Mtu aliangalia. Mtaalamu wa maabara alitandaza tone la damu kwenye kioo, akalipaka rangi ya Giemsa, akalitazama kwa hadubini. Kwanza alihesabu chembe nyekundu zenye kiini, ambazo mashine huzichanganya na nyeupe. Zilikuwa 6 kwa kila chembe nyeupe 100, kwa hiyo hesabu halisi ya nyeupe ikashuka hadi takribani 68,000. Kisha akaanza kuziainisha, na hapo ndipo aliposimama. Karibu nusu, asilimia 46, zilikuwa blasti: seli changa zenye kiini kikubwa cha duara, utando laini ndani yake, na ukingo wa samawati uliotokeza vijipovu kama mkate unaoumuka. Chembe sahani zilizokuwepo, baadhi zilikuwa kubwa kuliko chembe nyekundu.

Hakuandika tu majibu na kuyaweka kwenye trei. Alipiga simu wodini na kuuliza swali moja.

"Dokta, huyu mtoto ana dalili za Down?"

Ningependa swali hilo lifundishwe. Yeye hakuwa amemwona mtoto wala vipele. Lakini alijua kwamba blasti hizo hizo kwenye damu ya kichanga zina maana moja kama kromosomu ya 21 ziko mbili, na maana nyingine kama ziko tatu.

Daktari aliposikia, alirudi kitandani na kufanya jambo ambalo halihitaji kifaa chochote cha gharama. Alisafisha kipele kimoja kibichi shavuni, akakitoboa kwa ncha ya sindano, akagusisha kioo kwenye usaha, akaacha ukauke na kuupeleka upakwe rangi ile ile. Alitengeneza kioo cha pili kwa ajili ya rangi ya Gram, inayoonyesha bakteria. Vioo vikarudi ndani ya saa moja. Hakukuwa na bakteria. Hakukuwa na seli kubwa zenye viini vingi vilivyobanana ambazo hepesi huziacha. Wala seli za usaha ule hazikuwa eosinofili, aina ya chembe nyeupe ambazo hujaa kwenye upele wa kawaida wa vichanga na kwenye ugonjwa adimu wa kurithi wa rangi ya ngozi unaoanza na malengelenge. Zilikuwepo nyutrofili chache, na katikati yao blasti zile zile, zenye ukingo wa samawati na vijipovu.

Vioo viwili, kimoja cha damu na kimoja cha shavu, viliwekwa chini ya hadubini kimoja baada ya kingine. Ngozi na damu zilikuwa zinasema jambo moja.

Kisha daktari akalipapasa tumbo upya, safari hii akianzia chini kabisa karibu na nyonga na kupanda taratibu. Ini lilikuwa sentimita 4 chini ya mbavu. Bandama ilipapasika sentimita 2. "Laini, kawaida" ilikuwa nusu kweli: tumbo lilikuwa laini. Anayeanza kupapasa juu, mbavuni, mkono wake hutua juu ya ini lenyewe na kutoliona ukingo.

Jina la nne lilitolewa kwa simu. Daktari mkubwa wa hospitali nyingine alisomewa namba peke yake: siku 4, chembe nyeupe 68,000, blasti asilimia 46, chembe sahani 94,000. Akajibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: lukemia ya kuzaliwa nayo, yaani saratani ya damu, mwandaeni kwa ajili ya tibakemikali kamili. Hakutajiwa sura ya mtoto. Naye hakuuliza.

Laiti mtoto angekuwa na kromosomu za kawaida, jina hilo lingeweza kuwa sahihi. Lukemia halisi ya kuzaliwa nayo ipo, ingawa ni adimu, na inapofika kwenye ngozi mara nyingi huja kama vinundu vigumu vya rangi ya samawati au zambarau, si vipele vya usaha mashavuni. Lakini mtoto mwenye Down aliye na blasti katika siku zake za mwanzo, kitu cha kwanza kufikiriwa ni lukemia ya mpito: hali inayoonekana kama lukemia chini ya hadubini na ambayo kwa watoto walio wengi huondoka yenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Kumpa mtoto wa namna hiyo tibakemikali kamili ni kumpiga kwa nyundo kwa jambo ambalo mwili wake tayari umeanza kulimaliza.

Inatokeaje? Tangu mwaka 1959, pale Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipochapisha Ufaransa kwamba watu wenye Down wana kromosomu moja ya ziada, tumejua kwamba chanzo ni kromosomu ya 21 iliyo tatu badala ya mbili. Kromosomu hiyo ya ziada huathiri utengenezaji wa damu kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto akiwa tumboni, damu nyingi hutengenezwa kwenye ini, na kwenye ini lenye kromosomu ya 21 ya tatu, seli mama zinazozaa chembe nyekundu na chembe sahani huongezeka kupita kiasi. Katika wingi huo, baadhi ya seli hupata hitilafu kwenye jeni liitwalo GATA1, lililopo kwenye kromosomu ya X. Uhusiano wa hitilafu hiyo na lukemia ya watoto wenye Down uligunduliwa mwaka 2002. Seli iliyopata hitilafu haiwezi tena kutengeneza protini kamili ya GATA1. Hutengeneza iliyo fupi, iliyokatika upande wa mwanzo, na kwa hiyo hubaki ikijigawa bila kukomaa kuwa mzalishaji wa chembe sahani.

Hitilafu hiyo hairithiwi. Haikutoka kwa baba wala kwa mama, na haimo kwenye seli nyingine za mtoto. Ilitokea ndani ya tumbo, kwenye seli za damu peke yake. Na kwa kuwa seli hizo zimezaliwa kwenye ini na kulitegemea, mtoto anapozaliwa na kazi ya kutengeneza damu kuhamia kwenye uboho wa mifupa, hukosa mahali pa kuishi. Inadhaniwa ndiyo maana huisha. Ndiyo maana pia ini ndilo linaloumia zaidi: seli hizo hutoa kemikali zinazochochea makovu ndani yake, na watoto wachache hufa si kwa wingi wa blasti bali kwa ini lililogeuka kuwa kovu.

Takribani mtoto 1 kati ya 10 wanaozaliwa na Down hupata lukemia ya mpito inayoonekana. Wengine zaidi huwa na hitilafu ya GATA1 kwa kiwango kidogo kisichoonyesha dalili yoyote. Kati ya wale wanaoonyesha dalili, vipele vya ngozi huwapata wachache tu, kama 5 hadi 10 kati ya kila 100. Kwa maneno mengine, mtoto wetu alikuwa na bahati kwamba ngozi ilisema. Wengi huwa na blasti zile zile huku mashavu ni masafi, na hao wanaweza kujulikana kwa njia moja tu: hesabu ya damu na slaidi katika siku 3 za kwanza kwa kila mtoto anayeshukiwa kuwa na Down, awe ana dalili au hana. Miongozo ya Uingereza na ya Marekani inashauri watoto hawa wapimwe damu mapema. Nusu mililita ile ya siku ya kwanza.

Turudi kwenye mstatili wa plasta. Blasti huzunguka mwili mzima, lakini ngozi inapovutwa, kusuguliwa au kutobolewa, mwili hutuma seli za kinga mahali pale, na kwa mtoto huyu msafara huo uliandamana na blasti. Zikapenya hadi kwenye tabaka la juu la ngozi na kufanya kipele. Plasta, tundu la sindano na mkwaruzo huchora ramani yake. Mzio wa plasta wa kweli ungeleta wekundu na muwasho palepale penye gundi, lakini usingeacha kipele kwenye tundu la kisigino, ambapo gundi haikufika. Hilo lilikuwa kwenye faili tangu usiku wa siku ya tatu.

Wapo watoto ambao fumbo hili huja kinyumenyume: vipele vya namna hii, blasti kwenye damu, na sura isiyo na dalili yoyote ya Down. Kwa hao ni lazima kromosomu zihesabiwe, tena kwa seli za damu zenyewe. Baadhi yao wana mchanganyiko, sehemu ya seli zikiwa na kromosomu ya 21 tatu na sehemu zikiwa na mbili. Kwa mtoto mmoja mmoja, kromosomu ya ziada imeonekana kwenye seli za damu zenye kasoro tu. Kipele shavuni kinaweza kuwa dalili ya kwanza na pekee ya Down iliyojificha.

Baada ya hapo vipimo vilifuatana haraka. Kromosomu: 47, ya 21 zikiwa tatu. Alama za seli: blasti za ukoo wa chembe sahani, zenye CD41 na CD61. GATA1: hitilafu ilipatikana. Kipimo cha hepesi kilirudi safi, asikloviri ikasimamishwa. Usaha haukuotesha bakteria, na damu nayo haikuotesha kitu, antibayotiki zikasimamishwa. Picha ya moyo ilionyesha tundu linalounganisha vyumba vya juu na vya chini, kasoro ambayo Down huileta mara nyingi, bila maji kuzunguka moyo. Bilirubini iliyochakatwa na ini, rangi inayoleta manjano, ilikuwa juu kidogo tu. Damu iliganda vizuri. Sampuli ya ngozi haikukatwa, na sioni ingeongeza nini. Inaweza hata kupotosha, kwa sababu msomaji wa kipande cha ngozi asiyejua historia atakiita lukemia ya ngozi na kurudisha jina la nne mezani.

Uamuzi uliobaki ulikuwa mgumu kuliko utambuzi: kutibu au kusubiri. Dawa ipo. Ni sitarabini kwa kipimo kidogo, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku, kwa siku chache zisizozidi 7 kwa kawaida. Blasti hizi huitikia dawa hiyo vizuri sana, na hilo nalo linatokana na hitilafu ya GATA1, ambayo hupunguza kimeng'enya kinachoivunja dawa ndani ya seli. Inaokoa maisha ya mtoto ambaye chembe nyeupe zimezidi 100,000, au ini linashindwa kazi, au maji yamejaa tumboni na kuzunguka mapafu, au ini na bandama vimekua hadi vinamzuia kupumua, au anatoka damu. Lakini haizuii lukemia ya kweli kuja baadaye, kwa hiyo kumpa mtoto asiye na hatari hizo "kwa tahadhari" hakumnunulii kitu. Mtoto wetu hakuwa na hata moja. Ikaamuliwa kusubiri, huku damu ikipimwa kila baada ya siku mbili.

Kusubiri ni tiba inayochosha kuliko sindano, hasa kwa mzazi. Mazungumzo yalifanyika chumbani, mlango umefungwa, baba na mama wote wawepo. Mama alianza.

"Daktari, nimesikia wanasema ana saratani ya damu."

"Mama, nitakueleza yote tunayoyajua. Damu yake ina seli zinazofanana na za saratani ya damu. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa na Down, seli hizi mara nyingi huisha zenyewe. Leo hatumpi dawa kali, kwa sababu leo hana haja nayo. Hali ikibadilika tutampa, na tunajua ni ipi."

"Na hivi vipele?"

"Ni seli hizo hizo zimetoka kwenye ngozi. Haviambukizi. Havikutoka kwako wala kwa baba yake. Mbusu."

Alilia hapo, si mapema. Neno la mwisho ndilo lililokuwa limemkaa rohoni tangu siku ya tatu.

Kisha likaja lile ambalo ni rahisi kuliruka wakati habari ni nzuri: kwamba kati ya watoto 100 waliopata lukemia ya mpito, 20 hadi 30 hivi hupata lukemia ya kweli kabla ya kufikisha umri wa miaka 4 au 5. Seli chache zenye hitilafu hubaki zimejificha, zikapata hitilafu nyingine juu ya ile ya kwanza. Wazazi wanastahili kulisikia siku hiyo hiyo, pamoja na kwamba lukemia hiyo ya watoto wenye Down hutibika vizuri, takribani 9 kati ya 10 wakipona kwa dawa za kiwango kilichopunguzwa. Anayeambiwa "imeisha" hatarudi kliniki.

Siku ya saba chembe nyeupe zilipanda hadi 81,000, na wodi nzima ikabana pumzi. Siku ya tisa zikawa 70,000. Siku ya kumi na nne, 39,000. Ngozi ilifuata damu kama kivuli: hakuna kipele kipya kilichotokea baada ya siku ya kumi na moja, vya zamani vikakauka, maganda yakadondoka. Hakuna aliyepaka dawa yoyote. Plasta ziliondolewa, mrija ukashikizwa kwa kitambaa laini, na damu ikawa inachukuliwa na mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Kufikia wiki ya sita mashavu yalikuwa safi bila kovu. Blasti za mwisho zilionekana kwenye slaidi ya wiki ya saba. Ini lilichelewa zaidi, likarudi chini ya mbavu akiwa na miezi mitatu.

Baada ya hapo alipangiwa hesabu ya damu na slaidi kila miezi mitatu hadi atimize miaka 4. Kinachotafutwa kwanza si blasti, bali chembe sahani zinazoshuka na kubaki chini, kwa sababu lukemia ya kweli kwa watoto hawa mara nyingi hutanguliwa na miezi ya chembe sahani chache.

Akiwa na miezi 11 zilishuka, kutoka 240,000 hadi 128,000. Alikuwa na mafua wiki hiyo. Slaidi haikuwa na blasti. Mama, ambaye sasa alikuwa anasoma karatasi ya majibu kabla ya daktari, aliweka kidole kwenye namba ile na kuuliza kama warudi kabla ya miezi mitatu. Walipewa tarehe ya wiki tatu mbele. Zilikuwa 205,000, na mtaalamu wa maabara aliitazama slaidi mara mbili kabla ya kuandika.